Pikapu Ikilia Mbele, Isikilize Kabla Hujafungua Pochi

"Dada, pikapu yangu inalia mbele kulia, kwii kwii, kila nikipita kwenye tuta. Nimeshaenda gereji mbili. Fundi wa kwanza kasema ni shokapu, wa pili kasema nibadilishe bushi zote. Pesa niliyonayo inatosha kazi moja tu. Nianze na ipi?"

Mdogo wangu, usianze na yoyote kwanza. Hiyo pesa ifunge kwenye pindo la kanga, halafu kaa hapa nikueleze. Na ninyi wengine mnaoendesha pikapu kwa ajili ya riziki, mnaobeba nyanya, mbao, vifaranga na saruji, sogeeni pia, maana ujumbe wenu mwingi unafanana na huu.

Fundi anayetaja spea kabla hajainama chini ya gari anabahatisha, na anabahatisha kwa pesa yako. Mlio una mahali unapotoka. Mahali hapo panapatikana kwa sikio, kwa kiganja na kwa chupa ya maji, na mara nyingi kazi hiyo haimalizi hata saa moja. Tafuta kwanza unapotoka, kisha ndipo ununue. Hilo ndilo ninalotaka ulishike leo, na yote yatakayofuata ni namna ya kulifanya.

Nimeshalipia kosa hili mwenyewe. Miaka ile nilikuwa napakia nyanya Ilula kuzileta Morogoro. Pikapu ikaanza kulia mbele kushoto, kidogo tu, asubuhi nikitoka uani. Gereji niliyoizoea wakanifungia shokapu mbili mpya. Nikalipa, nikaondoka, na kwa siku tatu ikanyamaza kweli. Siku ya nne, kwenye matuta ya pale hifadhi ya Mikumi, mlio ukarudi vilevile. Nilipokaa na kukumbuka vizuri, siku zile tatu zote mvua ilikuwa inanyesha. Maji ndiyo yaliyoulainisha mkwaruzo. Shokapu hazikuhusika hata kidogo.

Fundi wa pili alikuwa mzee mmoja wa palepale Morogoro. Hakugusa spana. Aliniambia nizime injini na redio, akachuchumaa, akapitisha mkono nyuma ya tairi, akamwambia kijana wake aibonyeze gari kwa mbele. Kisha akaniita: "Mama, lete mkono wako." Akakiweka kiganja changu juu ya boljointi ya chini, kiungo kinacholishikilia tairi kwenye gari. Kijana alipobonyeza, nikahisi chuma kinatetemeka chini ya vidole vyangu, kama paka anavyokoroma ukimshika kifuani. Kila mtetemo ulikuja pamoja na mlio wake. Mzee akakisogeza kifuniko chake cha raba kwa kidole. Kilikuwa kimepasuka upande wa ndani, ambako mtu aliyesimama hawezi kupaona, na mahali pa grisi palikuwa na tope jekundu lililokauka. Baadaye akaiinua gari, akalishika tairi juu na chini, akalitikisa. Lilicheza. Na mimi nilikuwa nimeshuka Kitonga na matenga ya nyanya juu ya boljointi hiyo, zaidi ya mara moja.

Tangu siku ile sijanunua spea kwa kutajiwa tu. Namwomba fundi anioneshe.

Kwanza, upe mlio jina lake

Wengi mnaniandikia "inalia" kwa kila sauti, na hapo ndipo fundi anapoanza kupotea. Tutenganishe.

Kulia kwenyewe ni ile sauti nyembamba, kwii au nyiii, kama kitanda cha zamani au bawaba ya mlango. Hiyo ni vitu viwili vikavu vinavyosuguana: raba kwenye chuma, au chuma cha boljointi kilichoishiwa grisi. Kugonga ni ko, ko, ko. Hapo si ukavu tena, kuna kitu kimeliwa na nafasi imepatikana, nacho kinapigapiga ndani ya nafasi hiyo. Inaweza kuwa linki ya stabilaiza, bushi iliyokwisha, boljointi, au nati ya shokapu iliyolegea (sehemu hizi tutazitazama mbele). Kukwaruza ni ile kwaruuu ya chuma kwa chuma, na mara nyingi iko kwenye breki. Kuvuma ni sauti nzito inayopanda pamoja na mwendo na kubadilika ukiingia kona ndefu. Hiyo itafute kwenye beringi ya tairi.

Gari moja linaweza kuwa na sauti mbili. Boljointi inayoanza kwa kulia inaweza kumalizia kwa kugonga. Kwa hiyo andika zote, kila moja kwa jina lake.

Pili, jiulize inalia lini

Chukua daftari lako la mauzo, ukurasa wa mwisho, uandike majibu ya siku mbili tatu. Majibu haya yatakuokolea pesa kuliko kupatana bei.

Je, inalia gari likiwa limesimama, ukizungusha usukani tu? Basi angalia boljointi na tairodi, kwa sababu ndizo zinazozunguka hapo. Lakini kama ni kelele kali inayotokea injini ikiwa inawaka na usukani umefika mwisho wake, na ukiurudisha kidogo inakata, huo unaweza kuwa mkanda wa pampu ya usukani unaoteleza. Mtu anaweza kubadilisha bushi zote za mbele huku tatizo lake ni mkanda uliolegea.

Je, inalia kwenye tuta, polepole? Hapa kuna swali la ndani yake ambalo watu hawalijui, nalo ni zuri sana. Tairi zote mbili za mbele zinapanda tuta kwa pamoja, au moja tu? Stabilaiza ni ile fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia. Tairi zote mbili zikipanda sawasawa, fimbo hiyo hainyongeki, inazunguka kidogo tu ndani ya raba zake. Ikipanda moja, inanyongeka kweli. Kwa hiyo weka ubao mnene chini, pitisha tairi moja juu yake taratibu, kisha tafuta tuta ambalo tairi zote zinapanda pamoja. Kama kelele ni ya tairi moja tu, washuku raba za stabilaiza na linki zinazoishika kila upande kabla ya kitu kingine. Raba hizo ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa upande wa mbele wa gari, na kuzifunga si kazi ya siku nzima.

Je, inalia pamoja na mzunguko wa tairi, wii, wii, wii, ukiongeza mwendo nayo inaharakisha? Hiyo si springi wala bushi. Gusa breki kidogo bila kusimama. Kama mlio unabadilika au unakata, tazama pedi. Pedi nyingi zina kijilimi cha chuma kilichowekwa makusudi kikwaruze diski na kupiga kelele zikibaki nyembamba, ili dereva ajue. Na kama umetoka kwenye barabara ya kokoto na kelele imeanza ghafla, huenda kijiwe kimekwama kati ya diski na bati lake la kuzuia vumbi.

Je, mvua ikinyesha au ukiosha gari inanyamaza, kisha inarudi ikikauka? Mimi mvua ile ilinidanganya siku tatu. Wewe ifanye shahidi wako. Inakwambia kuwa kuna kitu kikavu kinachopata maji, basi kitafute kwenye raba za nje na kwenye boljointi yenye kifuniko kilichopasuka.

Je, inalia ukiwa mtupu na kunyamaza ukiwa na mzigo, au kinyume chake? Liandike na hilo. Mzigo wa nyuma hubadilisha mkao wa gari zima, na wakati mwingine sauti unayodhani iko mbele inatoka kwenye springi za nyuma au kwenye raba zinazobeba kabini. Ndani ya kabini sikio halijui mbele na nyuma vizuri. Ndiyo maana lazima mtu awe nje anasikiliza.

Kilichopo kule chini

Usiogope kuinama na kutazama. Chukua Toyota Hilux, maana ndiyo wengi mnayo. Kizazi kilichoanza kutengenezwa mwaka 2004 na kile kilichofuata mwaka 2015 vina mpangilio mmoja mbele: kila tairi linashikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, ambayo mafundi wengine huiita wishboni. Upande wa chasisi kila mkono umefungwa kwa bushi za raba. Upande wa tairi umefungwa kwa boljointi, ambayo ni kichwa cha duara ndani ya kikombe chenye grisi, na juu yake kifuniko cha raba. Shokapu ipo katikati, imevishwa springi ya kuzunguka. Tairodi inatoka kwenye usukani kwenda kwenye tairi. Stabilaiza inapita mbele, imeshikwa kwenye chasisi na raba mbili.

Hilux nyingi za zamani za kuvuta tairi nne zina ekseli nzima mbele na springi za bapa, zile zinazopangwa jani juu ya jani. Hizo zina milio yake: majani yakisuguana, au pini za kwenye ncha za springi zikikosa grisi. Tafuta nipo za grisi kwenye pini hizo. Mara nyingi zipo, zimezikwa kwenye tope, na hakuna aliyezigusa tangu gari linunuliwe.

Bushi ya raba ya kwenye mkono nayo ina siri yake. Kwa kawaida haizunguki kama bawaba. Raba imegandishwa kwenye chuma cha ndani na cha nje, na gari likipanda na kushuka raba hujinyonga kidogo na kurudi. Hilo likumbuke, tutalirudia gereji.

Jaribio la uani

Fanya asubuhi, kabla gari halijatembea na kabla mtaa haujachangamka. Liweke mahali tambarare, handibreki juu, gia ndani, mawe nyuma ya tairi za nyuma. Zima injini. Mwite mtu mmoja mzito kidogo.

Anza kwa kubonyeza. Mwenzako akandamize kona ya mbele yenye mlio, juu ya bampa, aachie, akandamize tena kwa mpigo mmoja. Wewe chuchumaa kando ya tairi na usikilize. Ukisikia kelele hapo, umepata bahati kubwa, maana gari linakuonyesha likiwa limesimama. Na hapo hapo tazama shokapu. Kona ikiachiwa ipande na kutulia. Ikiendelea kuruka kama kitanda cha springi, au ukiona mafuta yamechuruzika kwenye mwili wake, shokapu imechoka. Lakini kuchoka kwa shokapu na mlio wako vinaweza kuwa mambo mawili tofauti.

Kisha sikiliza kwa mpira. Kata kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, mita moja hivi. Ncha moja sikioni, nyingine isogeze karibu na bushi ya juu, ya chini, boljointi, raba za stabilaiza, moja baada ya moja, mwenzako akiendelea kubonyeza. Utashangaa jinsi sauti inavyojaa sikioni ukifika penyewe.

Kisha kiganja. Kiweke juu ya boljointi au kichwa cha tairodi, bila kukibana. Inayolia itatetemeka, na iliyo nzima itatulia. Usiingize vidole kati ya mizunguko ya springi, wala kati ya mkono na chasisi, wala usiweke mkono humo mtu akiwa anazungusha usukani injini ikiwa inawaka. Hakuna mlio unaostahili kidole chako.

Mwisho, maji. Jaza chupa ya kupulizia maji yenye sabuni kidogo. Pulizia sehemu moja tu, kwa mfano raba za stabilaiza, kisha mwenzako abonyeze mara kumi. Bado inalia? Nenda kwenye bushi ya chini. Bado? Ya juu. Siku utakayopulizia na sauti ikakata palepale, umefika. Kosa la watu wengi ni kulowesha kila kitu kwa pamoja. Kelele inakwisha, na hawajui kilichonyamaza ni kipi.

Tafadhali, yawe maji. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini isikaribie bushi zako, hata kama jirani anaapa kuwa ndiyo dawa. Mafuta ya aina hiyo hulainisha na kuvimbisha raba ya kawaida, halafu yanashika vumbi, na vumbi na mafuta vikichanganyika vinasaga kama msasa. Mlio utanyamaza wiki moja, nawe utakuwa umeifupishia bushi maisha. Ukitaka kulainisha raba, nunua dawa ya silikoni. Na kama mwenye gari kabla yako alifunga zile bushi ngumu za rangi nyekundu au buluu, ambazo si raba, hizo hulia zikifungwa bila grisi yake maalumu ya silikoni. Inabidi zifunguliwe, zisafishwe, zipakwe, zifungwe upya.

Boljointi haina mzaha

Hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko pote.

Bushi kavu ni kero. Boljointi mbovu ni hatari ya uhai. Ile boljointi ndiyo inayolishikilia tairi kwenye gari. Kifuniko chake kikipasuka, vumbi na maji vinaingia, grisi inaondoka, chuma kinasaga chuma, kikombe kinapanuka, na siku moja kichwa kinachomoka. Tairi linalala chini ya gari, na usukani hauna kazi tena. Mwaka 2007, huko Marekani, Toyota iliyaita magari zaidi ya 500,000 ya Tundra na Sequoia yarudi kukaguliwa, kwa sababu ya boljointi za mbele ambazo zingeweza kulika mapema. Kampuni haiiti magari mengi hivyo kwa kelele tu.

Kwa hiyo mlio wa boljointi ni rehema, umekuja mapema ukupe nafasi. Usiuzibe mdomo. Kuna wanaotoboa kifuniko kwa sindano na kusukuma grisi ndani. Kelele inakata, ni kweli, lakini chuma kilichokwisha kulika hakirudi, na sasa kifuniko kina tundu. Hayo si matengenezo.

Jaribio la kutikisa mwachie fundi, lakini simama hapo uangalie. Kwa gari lenye springi iliyokaa juu ya mkono wa chini, kama Hilux hizo nilizotaja, jeki iwekwe chini ya mkono wa chini, karibu na tairi, na stendi imara iwekwe pia. Mtu asilale chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Jeki ikiwekwa kwenye chasisi, mkono unaning'inia, springi inaubana, na boljointi iliyolika inaweza kujificha. Fundi alishike tairi juu na chini, alisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, alitikise tena. Mchezo ukipotea breki ikikanyagwa, shuku beringi. Ukibaki, shuku boljointi. Kisha alishike kushoto na kulia. Likicheza hapo, angalia tairodi.

Ukikuta mchezo kwenye boljointi, au mlio umegeuka kuwa kugonga, au gari limeanza kuvuta upande, au tairi linalika upande mmoja, usipakie. Hata kama mteja anapiga simu. Hata kama ni siku ya gulio. Mzigo wa siku moja unalipika. Lakini kama umehakikisha ni raba kavu tu ya stabilaiza, hakuna kinachocheza na vifuniko vyote vya boljointi ni vizima, unaweza kufanya kazi zako wiki hii huku ukijipanga, ukiendelea kusikiliza.

Ukifika gereji

Wadogo zangu wa kike, hili nawaambia zaidi ninyi, maana najua tunavyopokelewa wakati mwingine. Usiingie na kusema "nibadilishie shokapu." Ukisema hivyo utabadilishiwa shokapu. Sema: "Inalia mbele kulia, tairi moja likipanda. Nikipulizia maji hapa inanyamaza. Naomba unioneshe kabla hujafungua." Fundi mzuri atafurahi, kwa sababu umemfanyia nusu ya kazi. Anayekasirika kwa kuombwa aoneshe, msalimie kwa heshima uondoke.

Mwambie pia spea ya zamani akupe mkononi. Siyo kwa kumshuku, ni kwa kujifunza. Ukiishika boljointi iliyokwisha, ukageuza kichwa chake kwa kidole kikazunguka bila kukaza, hutasahau tena.

Sasa ile siri ya bushi. Kama bushi za mikono zinabadilishwa, nati zake za mwisho zikazwe gari likiwa limekaa katika kimo chake cha kawaida, uzito ukiwa kwenye tairi. Zikikazwa mkono ukining'inia, gari likishushwa raba inabaki imenyongwa muda wote, hata likiwa limeegeshwa. Itapasuka mapema, na huenda ikaanza kulia kabla hujamaliza kulipa deni la gereji. Wapo wanaolaumu bushi kuwa ni feki, kumbe ni ukazaji. Mwombe fundi kwa upole: "Utaikaza ikiwa chini, si ndiyo?" Swali hilo moja litamwonyesha kuwa unajua.

Boljointi ikibadilishwa, hakikisha ile pini ndogo inayozuia nati imewekwa mpya na kupindwa. Upande mmoja ukiwa umekwisha kwa uzee, wa pili ukaguliwe siku hiyo hiyo. Na baada ya boljointi, tairodi au mikono kuguswa, gari lipelekwe kupimwa mlalo wa matairi. Ukiruka hatua hiyo, pesa uliyookoa italiwa na matairi.

Kuhusu kununua spea, iwe Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi, nenda na namba ya chasisi ya gari lako na ile spea ya zamani. Hilux mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na boljointi tofauti. Bampa la mtumba ni sawa, taa ya mtumba ni sawa. Bushi na boljointi za mtumba hapana, kwa sababu raba huzeeka hata ikiwa rafuni, na boljointi iliyotembea gari lingine hujui imetembea wapi. Mpya nayo ikague kwenye mwanga: kifuniko kisiwe na ufa, kichwa kikaze vizuri ukikigeuza, nyuzi za nati ziwe safi.

Baada ya hapo

Kila ukibadilisha oili ya injini, mwambie fundi apite na tochi kwenye vifuniko vinne vya boljointi na vya tairodi. Ufa wa leo ni boljointi ya miezi michache ijayo. Penye nipo, ifutwe kwa kitambaa kwanza ili mchanga usisukumwe ndani, kisha grisi isukumwe taratibu mpaka kifuniko kianze kujaa, na hapo asimame kabla hakijapasuka. Ninyi wa pwani, chumvi hula nipo na nati upesi, basi osheni chini ya gari kwa maji baridi mkitoka ufukweni. Ninyi wa barabara za vumbi, baada ya masika toeni tope lililoganda kwenye mikono, maana likikauka linafanya kazi ya msasa.

Sasa nirudi kwako, mdogo wangu uliyeandika. Inawezekana mmoja wa mafundi wako amesema kweli, na inawezekana wote wawili wamekosea. Mimi niko mbali, siwezi kujua, na nisingependa nami nikutajie spea kwa kubahatisha. Lakini umenipa neno moja zuri: kwenye tuta. Basi Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajaamka, weka ubao mbele ya tairi la kulia, upitie taratibu huku mtu akiwa nje anasikiliza. Kisha chupa ya maji, sehemu moja moja. Ukifika kwenye boljointi, usiishie kwenye maji. Pitisha kidole kuzunguka kifuniko chake chote, hasa upande wa ndani usiouona.

Umeniuliza uanze na ipi. Anza na ubao na chupa. Pesa ibaki kwenye kanga mpaka kiganja chako kiwe kimekigusa kile kinacholia.